Kabla ya Kununua Kiwanja Kolwezi au Mutshatsha

Mtu anayekuuzia kiwanja huku Lualaba ataanza na bei itakavyopanda. Atakutajia mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, ulioanza kutoa shaba mwaka 2021. Atakutajia reli ya Lobito. Atakuonyesha nyumba ya jirani iliyopangwa na kampuni ya Kichina kwa dola. Huenda yote ni kweli, na bado ukapoteza pesa zako, kwa sababu katika ukanda wa shaba kuna swali linalotangulia bei: nani ana uwezo wa kukuondoa juu ya ardhi hii, na siku hiyo utakuwa umeshika karatasi gani? Mwongozo huu unalifuata swali hilo kuanzia chini ya ardhi hadi mkononi mwa mpangaji.

Anza na sheria yenyewe, maana wengi hununua wakiamini wamenunua ardhi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka 1980, inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali, hauuziki. Unachopata ni haki ya kuutumia, yaani concession, pamoja na umiliki wa kile ulichojenga juu yake. Raia wa Kongo anaweza kupata ya kudumu. Mgeni au kampuni hupewa ya muda, isiyozidi miaka 25, inayoweza kuongezwa. Na kilichomo chini ya udongo kina sheria yake: Kanuni ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002, iliyofanyiwa marekebisho mwezi Machi 2018. Kwa hiyo juu ya kiwanja kimoja cha mita 20 kwa 30 panaweza kukaa haki mbili halali, yako ya kujenga na ya mwingine ya kuchimba, na kila mmoja akawa na mhuri wa Serikali.

Asiyeamini aiangalie Kasulo. Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za mtaa huo wa Kolwezi, mtaa wa kawaida wenye viwanja vilivyopimwa na watu waliojijengea. Muda si mrefu lupango baada ya lupango, yaani kiwanja baada ya kiwanja, ilikuwa na shimo lake, limefunikwa turubai, mifuko ya mawe imepangwa mlangoni. Wenye nyumba walikubaliana na wachimbaji kugawana mapato. Wengine walichimba hadi ndani ya vyumba vya kulala. Mashimo hayakufuata mipaka ya viwanja. Yakishuka, yaligeuka mapango ya kwenda kando, yakapita chini ya jirani ambaye hakukubaliana na mtu yeyote, na nyumba yake ndiyo iliyoanza kupasuka. Mwaka 2017 mkoa ukaingia makubaliano na kampuni ya Congo Dongfang Mining, sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta, waliokuwa ndani wakalipwa wakahama, nyumba zikabomolewa. Fikiria sasa mtu aliyenunua nyumba Kasulo mwaka 2013 kwa ajili ya kupangisha. Hakukosea bei wala ujenzi. Alichokosa ni kujua kilichoko chini.

Wala Kasulo si peke yake. Mwezi Septemba 2023 shirika la Amnesty International pamoja na shirika la Kikongo la IBGDH walitoa ripoti kuhusu watu waliohamishwa kwa nguvu kupisha migodi kuzunguka Kolwezi, na miongoni mwa maeneo waliyoyaeleza ni Cité Gécamines, mtaa uliopangwa vizuri, wenye nyumba za matofali, shule na hospitali, ambao mgodi wa COMMUS umekuwa ukiusogelea. Hapa ndipo wanunuzi wengi hujidanganya. Wanadhani hatari iko kwenye mitaa iliyojengwa ovyo pembezoni, na kwamba mtaa wenye barabara ya lami na miti ya maembe iliyopandwa enzi za Wabelgiji hauguswi. Mji huu ulijengwa na kampuni ya madini pembeni ya mashimo ili wafanyakazi wafike kazini kwa miguu. Mitaa yake ya zamani na iliyo bora ndiyo mara nyingi iko karibu zaidi na shaba.

Basi kazi ya kwanza, kabla hata ya kuuliza bei, ni ramani. Ofisi inayoitwa Cadastre Minier, kwa kifupi CAMI, ndiyo inayotunza vibali vyote vya madini, na ramani yake inatazamwa kwenye intaneti bila malipo. Kibali hupimwa kwa miraba, kila mraba ukiwa na takriban hekta 85, kwa hiyo kiwanja chako kitaonekana kama nukta ndani yake. Ukikuta nukta yako imo ndani ya kibali, usikimbie bado. Kuzunguka Kolwezi ni vigumu kupata mahali pasipo na kibali cha mtu. Angalia ni cha aina gani. Kibali cha utafiti, yaani PR, maana yake kuna anayetafuta, na wengi hutafuta wakaondoka. Kibali cha uchimbaji, PE, maana yake kuna aliyepata. Kiwanja kilichomo ndani ya PE, au kilicho kando kabisa ya PE inayochimbwa kwa shimo la wazi, mimi singekinunua kwa kujenga nyumba ya kudumu, hata kama muuzaji ananipunguzia nusu ya bei. Shimo la wazi hukua kwa upana. Angalia pia jina la mwenye kibali na uliza mjini kama mashine zake zinafanya kazi au zimelala.

Kisha nenda kwa miguu. Karibu na mitaa ya Musonoi au Luilu, simama kwenye ukuta wa nyumba unayoonyeshwa na utazame pembe za madirisha. Ufa unaoanza kwenye pembe na kupanda kwa mshazari hadi karibu na dari ni ufa wa ukuta uliotikiswa au wa msingi ulioshuka. Ukiona rangi mpya ndani ya nyumba kuukuu, gonga plasta kwa vifundo vya vidole, panapolia pamejazwa juzi. Waulize majirani wanalipua saa ngapi mgodini na vyombo hutikisika vipi kabatini. Majirani hawana cha kukuuzia, ndiyo maana maneno yao yana thamani kuliko ya dalali. Na kama unaweza, nenda Januari au Februari mvua ikiwa imekolea. Kiwanja kinachoonyeshwa mwezi Agosti vumbi likitimka kinaweza kuwa njia ya maji mwezi Februari, na korongo la mmomonyoko likishafika kwenye msingi hakuna ukuta unaolizuia.

Sasa tuje kwenye karatasi, mahali ambapo pesa nyingi zaidi hupotea. Muuzaji atakuja na bahasha iliyojaa mihuri, na wingi wa mihuri hauna maana yoyote mpaka ujue kila karatasi inathibitisha nini. Hati ya chef de quartier au ya commune inasema tu kwamba fulani anakaa pale na anajulikana. Contrat de location ni mkataba wa maandalizi kati ya mtu na Serikali, hauzidi miaka mitatu, na unamtaka mtu aendeleze kiwanja. Ukikuta umekwisha muda miaka minane iliyopita na hakuna kilichofuata, muuzaji amebakiwa na historia. Hati ya mauziano iliyothibitishwa kwa notaire inaonyesha kwamba watu wawili walikubaliana, haithibitishi kwamba wa kwanza alikuwa na cha kuuza. Kinachothibitisha haki juu ya ardhi iliyotolewa na Serikali ni certificat d'enregistrement peke yake. Sheria ya 1973 inasema hivyo waziwazi, na inaongeza kwamba hati hiyo ikishatimiza miaka miwili tangu kutolewa, haitikisiki kirahisi. Ndiyo sababu hati yenye miezi minne inastahili maswali mengi kuliko yenye miaka kumi.

Usiridhike na nakala. Chukua namba ya hati, juzuu na karatasi, uende mwenyewe kwenye ofisi ya conservateur des titres immobiliers ya Kolwezi. Dalali, yule tunayemwita komisionere, mwache nyumbani. Atakuwa na rafiki ndani ya ofisi, na rafiki huyo atakutolea jibu barazani. Unachotaka ni kitabu chenyewe: jina lililoandikwa, eneo, mchoro, na kama kuna rehani au pingamizi lililosajiliwa dhidi ya kiwanja. Baada ya hapo lipa mpimaji wa cadastre mwende naye uwanjani, atafute mawe ya mpaka mkiwa na mchoro mkononi. Mara kadhaa hati ni halisi kabisa, ila ni ya kiwanja cha pili kutoka pale unapoonyeshwa.

Halafu uliza nyumba ilifikaje kwa huyu anayeuza. Kwa Kolwezi swali hili lina miaka yake. Mwaka 1992 na 1993 watu wengi wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakapanda treni wakiwa na walichoweza kubeba. Nyumba zao ziliuzwa kwa bei ya kutupa, au zilikaliwa tu na waliobaki. Wapo watoto wa wale walioondoka, wana hati za baba zao, na wana haki ya kuuliza. Ukisikia nyumba “ilinunuliwa” katika miaka hiyo, omba uone karatasi ya mauziano yale na ukubali kwamba karatasi hiyo yenyewe inaweza kubishaniwa. Vivyo hivyo kwa nyumba za Gécamines, kampuni ya madini ya Serikali, na za reli. Kuna familia zimekaa ndani ya nyumba ya kampuni kwa vizazi viwili, zimeezeka upya, zimejenga ukuta, na mtaa mzima unazitambua kuwa wenyewe. Omba hati inayoonyesha kwamba kampuni iliwahamishia umiliki. Kama hakuna, wanakuuzia haki ya kukaa, na hiyo huisha siku kampuni ikikumbuka mali zake.

Nyumba ya marehemu ina hatari ya aina yake. Mtoto mkubwa anayeshika funguo hana ruhusa ya kuuza peke yake. Lazima awepo msimamizi wa mirathi, yaani liquidateur, aliyethibitishwa na mahakama, na warithi wote wakubali kwa maandishi, wakiwemo mabinti walioolewa Lubumbashi au Ndola ambao utaambiwa hawana shida. Hao wasio na shida ndio wanaofungua kesi. Na kama muuzaji ameoa, Kanuni ya Familia inataka mume na mke wote wawili wakubali mauzo ya nyumba. Sahihi ya mama isipokuwepo, usilipe hata dola mia ya kushika nafasi.

Mutshatsha ni habari nyingine kabisa. Huko, zaidi ya kilomita 100 magharibi ya Kolwezi, na vijijini kote katika eneo hilo, sehemu kubwa ya ardhi iko mikononi mwa machifu na koo. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba amri ya Rais ingepanga haki za jamii juu ya ardhi hiyo. Amri hiyo ilisubiriwa miongo na miongo. Matokeo yake mnunuzi husimama kati ya mamlaka mbili. Barua ya chifu haikupi hati. Lakini hati isiyo na ridhaa ya chifu na watu wake haikupi amani. Utafika na trekta ukute mihogo imepandwa na vijana wamekaa juu ya mpaka. Fanya yote mawili, tena kwa mpangilio. Kaa kwanza na chifu, wazee na jirani wa kila upande, mbele ya watu, mipaka itembelewe kwa miguu na iandikwe pamoja na majina ya waliokuwepo. Akina mama wenye mashamba ndani ya eneo hilo walipwe mazao yao mikononi mwao wenyewe. Kisha fuata njia ya Serikali: kwa ardhi ya vijijini sheria inataka uchunguzi rasmi ufanyike papo hapo, ili ijulikane kama kweli ni tupu au ina wenyewe, kabla mkataba haujasainiwa. Anayekuambia anaweza kukurusha hatua hiyo anakuuzia kesi ya baadaye. Ujue pia kwamba kadiri hekta zinavyoongezeka ndivyo sahihi inavyopanda ngazi, kutoka kwa conservateur hadi gavana na waziri. Hekta 300 zilizosainiwa na mtu wa ngazi ya chini hazijasainiwa.

Na je, reli? Hili linawasumbua wengi, maana njia ya Tenke hadi Dilolo inapita Mutshatsha, na tangu kampuni ya Lobito Atlantic Railway ichukue upande wa Angola mwezi Januari 2024, viwanja karibu na stesheni vimepata wasemaji. Upande wa Kongo bado ni reli ya SNCC, kampuni ya reli ya Serikali, yenye mataruma ya zamani na treni za polepole. Inaweza kukarabatiwa vizuri. Lakini tofautisha mambo mawili: mzigo kupita mjini kwako, na mzigo kusimama mjini kwako. Treni ya shaba inayotoka Kolwezi kwenda bandarini haina haja ya hoteli Mutshatsha. Kitakachopandisha kiwanja pale ni karakana, bohari, soko, kituo cha forodha, na hivyo vinaonekana kwa macho vinapoanza kujengwa. Kumbuka pia kwamba njia hii ilikatwa na vita vya Angola mwaka 1975, na mwezi Machi 1977 Mutshatsha yenyewe iliangukia mikononi mwa wapiganaji wa FNLC waliovuka mpaka kutoka Angola. Waliokuwa wamewekeza kwa kutegemea reli walisubiri maisha yao yote. Ukitaka kununua Mutshatsha, nunua shamba linaloweza kukulipa kwa mahindi na mihogo hata treni isipokuja, na ulilime, kwa sababu ardhi isiyoendelezwa Serikali inaweza kuichukua. Kununua na kuacha majani yaote ukisubiri bei ndiyo njia ya hatari kuliko zote, ingawa ndiyo inayopendwa na watu wanaoishi mbali.

Tukirudi mjini, tuseme kiwanja ni safi na nyumba imesimama. Hatari inayobaki ni mpangaji, na mpangaji wa Kolwezi, awe mhandisi, dereva au mwenye duka, anakula kutoka kwenye shaba na kobalti. Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilipita dola 90,000. Mwaka uliofuata ikaanguka chini ya 30,000, na mwezi Novemba 2019 kampuni ya Glencore ikasimamisha mgodi wa Mutanda, ukakaa kimya karibu miaka miwili. Tarehe 22 Februari 2025 Serikali ya Kongo yenyewe ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, na kuanzia Oktoba mwaka huo ikaweka viwango kwa kila kampuni. Kila tukio la namna hii huteremka hadi kwenye kodi ya nyumba yako: kampuni ndogo inafungasha, mkandarasi anapunguza watu, nyumba tatu za mtaa mmoja zinabaki tupu kwa pamoja na kila mwenye nyumba anashusha bei kumvuta mpangaji yuleyule.

Kwa hiyo piga hesabu ya mwaka mbaya. Tuseme nyumba na kiwanja vimekugharimu dola 40,000 na unapangisha kwa 500 kwa mwezi. Dalali atakuambia ni 6,000 kwa mwaka, miaka saba pesa imerudi. Ondoa miezi miwili nyumba ikiwa tupu, zinabaki 5,000. Ondoa kodi ya mapato ya pango, ambayo kwa miaka mingi imekuwa asilimia 22, na ambayo mpangaji akiwa kampuni hukatwa sehemu yake kubwa kabla hujalipwa: 3,900. Ondoa 600 za bati, pampu na rangi: 3,300. Sasa ni miaka kumi na miwili. Kama pesa ni ya mkopo wa benki, hesabu hii mara nyingi haisimami kabisa. Wala usitegemee kujilinda kwa dhamana kubwa. Sheria ya Desemba 2015 inakataza kumtoza mpangaji wa makazi dhamana ya zaidi ya miezi mitatu. Mimi naona nyumba ya vyumba vidogo vinne inayopangwa na walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa soko inakupa usingizi mzuri kuliko nyumba moja kubwa inayosubiri kampuni, hata kama kampuni inalipa vizuri zaidi kwa mwezi.

Maji na umeme havihitaji maneno mengi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako jirani, lakini umeme wake ulijengewa migodi kwanza. Uliza transfoma ya mtaa inahudumia nyumba ngapi na iliungua lini mara ya mwisho, na weka gharama ya kisima kwenye bei ya kiwanja tangu mwanzo.

Linabaki jambo ambalo watu hawapendi kulizungumzia wakati wa kununua: siku ya kuondoka. Kanuni ya Madini, kifungu cha 281, inamlazimisha mwenye kibali kumlipa fidia anayetumia ardhi. Fidia hiyo ni pango la ardhi au thamani yake wakati inapochukuliwa, ikiongezwa nusu, na inamgusa hata mwenye haki isiyo na hati. Sheria ni nzuri. Ila anayekuja kuhesabu huandika anachokiona na kinachothibitishwa. Kwa hiyo tunza ushahidi tangu siku ya kwanza: risiti za saruji na bati, kibali cha kujenga, stakabadhi za kodi, picha za kila hatua zenye tarehe, hesabu ya miti ya matunda. Weka nakala kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Na ukisikia sensa ya kuhamisha watu imetangazwa, usikimbilie kuongeza vyumba. Kinachojengwa baada ya tarehe ya sensa hakihesabiwi.

Siku ya kulipa, lipia benki, kwa jina la mtu yuleyule aliye kwenye hati, na sehemu kubwa ya pesa ibaki mpaka hati mpya itoke kwa jina lako. Muuzaji akikuambia kuna mnunuzi mwingine anakuja kesho asubuhi na pesa taslimu, mwache huyo mwingine anunue. Wewe nenda kwanza kwa conservateur na kwenye ramani ya CAMI.